Mashine Isiyogusa

Shukuru aliniambia nisipumue, na mimi nilikuwa nimeacha kupumua muda mrefu kabla hajaniambia. Nilikuwa nimelala chali, titi la kushoto wazi, mikono juu ya kichwa, na mkono wa chuma umeinama juu yangu na jicho lake la kioo. Nimeuza kuku wa kukaanga kwenye njia panda ya Mkiwa miaka mingi. Nimegombana na makonda, na madereva wa malori, na askari wa barabarani, na sijawahi kumwogopa hata mmoja wao. Siku hiyo niliogopa mashine ambayo haikuwa imenigusa hata kidogo.

Ndiyo sifa yake, kwamba haigusi. Walitangaza kanisani kwa mama pale Mandewa, wakatangaza na msikitini, kwamba watafiti wameleta hospitalini mashine ya kupima matiti kwa mwanga, na kwamba mwanamke hataguswa na mtu wala kitu mpaka picha itoke. Wanawake waliokuwa wamejificha na vivimbe vyao kwa kuogopa mkono wa daktari mwanamume wakaanza kujitokeza mmoja mmoja. Mimi shida yangu haikuwa mkono. Mkono unishike unavyotaka. Nilichoogopa ni kisu.

Shukuru ndiye aliyekuwa akiiendesha, binti mwembamba mwenye sauti ya upole. Alinieleza kabla hatujaanza, taratibu, akarudia, na mimi nikakasirika kwa sababu nilikuwa nimeelewa tangu mara ya kwanza. Mwanga wa leza unapiga mwili kwa kufumba na kufumbua. Damu iliyo ndani inaunyonya mwanga huo, inapata joto kidogo mno, inatoa mlio ambao sikio la mtu haliwezi kuusikia. Mlio ukifika juu, ngozi inatetemeka, na mwanga mwingine, mwekundu, unausoma mtetemo huo kwa mbali. Kompyuta inachora. Ile mashine ya wajawazito inakupaka ute wa baridi na kukukandamiza. Hii inakaa kando inakusikiliza tu.

Alinipa kitambaa nijifute mwenyewe, maana ngozi yangu ilikuwa inang'aa na mwanga ungepotea. Mafuta ya alizeti hayamtoki mtu anayeshinda mbele ya karai. Nikajifuta, na nilipofika chini ya titi, upande wa nje, kitambaa kikapita juu ya kile kitu. Kilikuwa pale pale, kigumu, kama mbegu ya ubuyu.

Nilikigundua nikioga. Nesi wa zahanati alikibonyeza, akanyamaza, akaniandikia niende mjini. Ule ukimya wake ndio nilioondoka nao, kwa sababu nilikuwa nimeshausikia siku za nyuma. Dada yangu Anastasia alipofikishwa hospitali, titi lake lilikuwa limeshabadilika rangi, na madaktari walinyamaza hivyo hivyo. Wakalikata. Akarudi kwa mama akiwa amejifunga kanga kifuani asubuhi mpaka jioni, hataki mtu amtazame, na kabla alizeti za msimu ule hazijavunwa tukamzika. Mpaka leo watu wanamwita mama kwa jina lake, Mama Anastasia. Ndiye mzaliwa wa kwanza, na jina hilo halibadilishwi kwa kuwa mwenyewe amekufa. Kila mtu akiliita barabarani, mimi moyo unaruka.

Mama alinisindikiza siku hiyo, naye akasindikizwa na Mama Witness. Mama Witness sikumwalika. Lakini mama ni mwenyekiti wa umoja wa wanawake pale usharikani, na mwenyekiti akipata jaribu hatembei peke yake, anapewa mtu wa kumtia moyo. Sasa katika wanawake wote waliopo Mandewa wakamchagua huyu. Si mtu mbaya, ila habari akishaipata inafika Mwankoko kabla yeye hajavaa viatu. Walikaa wote wawili kwenye benchi nyuma ya pazia, wamevishwa miwani minene ya kukinga macho, na Mama Witness akaniombea kwa sauti kwa maneno ambayo mimi nilidhani ni ya msibani. Nilimwomba Mungu amsikie haraka ili anyamaze.

Shukuru akasema nipumue. Nikapumua. Akaniambia nijifunike, akazima mwanga, akaenda kwenye kompyuta, na pale tabasamu lake likapotea. Alifungua mlango akamwita daktari.

Daktari Abdulhamidi ni mtoto wa mjini Singida, wa ukoo wa wale wenye maduka ya vitambaa sokoni, na ana adabu ya watu wa dukani. Alimwamkia mama shikamoo, akamwamkia Mama Witness, hakunitazama mpaka alipohakikisha kitenge changu kimekaa vizuri. Akaitazama picha kwa muda. Kisha akaniuliza kama ningependa tuzungumze peke yetu. Nikamwambia azungumze tu, mama yangu asikie. Ukweli ni kwamba sikutaka kuja kumsimulia mwenyewe baadaye.

Akatugeuzia kioo cha kompyuta. Mwili wangu ulikuwa wa rangi ya majivu, na ndani yake, mahali pale pale penye kile kigumu, kulikuwa na mistari mifupi ya manjano inayowaka, imesimama ubavu kwa ubavu kwa mafungu. Daktari alieleza kwamba mwanga ule unaona damu kuliko kitu kingine chochote, na kwamba ugonjwa wa namna ile huwa unajivutia mishipa mipya ya damu ili ujilishe. Alisema mishipa iliyong'aa kiasi kile hajaiona kwa mgonjwa yeyote tangu mashine ifike.

"Tutachukua kinyama kidogo tukipime, na majibu ndiyo yatakayosema," alisema. "Lakini sitaki kukudanganya, dada Luciana. Kwa picha hii, jiandae kwamba tunaweza kuliondoa titi lote."

Niliogopa. Sina neno jingine la kutafuta. Akili yangu, badala ya kufikiri jambo la maana, ikaanza kuwaza kanga za Anastasia, zile ambazo mama alinigawia baada ya matanga na ambazo sijawahi kuzivaa. Nilizikunja nikaziweka chini kabisa ya sanduku. Nilijiona nazitoa, najifunga kifuani, na Elisha mume wangu anageuza macho ili asinione.

Nikamtazama mama. Yeye hakuwa ananitazama mimi. Alikuwa amevua ile miwani, ameisogelea picha, midomo imeachana. Akasimama, akashika mlango, akatoka nje.

Hasira ikanipanda. Hivyo hivyo ndivyo alivyofanya kwa Anastasia. Kila daktari alipoanza kuzungumza, mama alitoka, na mimi ndiye niliyebaki kusikiliza na kuitikia ndiyo, ndiyo. Mama Witness akaanza kuimba wimbo wa faraja kwa sauti ya chini. Nilishika blauzi yangu mkononi, nikabana kitenge kwapani, nikamfuata mama nje.

Alikuwa barazani, ameweka viganja vyote viwili ukutani, upepo unapeperusha kitambaa chake cha kichwa naye hakishiki. Sikumhurumia. Nilimwambia maneno ambayo mtoto hamwambii mama yake.

"Mama, ukinikimbia leo, hata kwenye mazishi yangu usije."

Hakunijibu hilo. Aliniuliza kama Mama Witness ameiona ile picha vizuri. Nilishindwa kuamini. Mimi nakatwa titi, yeye anawaza umoja wa wanawake. Nilifungua mdomo nimjibu jinsi anavyostahili, lakini yeye alishageuka, amefuta uso kwa upande wa kanga, anarudi ndani.

Nilipoingia alikuwa amesimama mbele ya daktari. Nilitegemea atamwomba Mama Witness atoke kwanza. Hakumwomba. Aliniambia nikae kitandani nifungue kitenge, kwa sauti ile aliyokuwa akituambia nayo zamani tukakoge, na mimi, mtu mzima mwenye watoto watatu, nikakaa nikafungua. Mama akaweka kidole kwenye titi langu. Hakutazama alipokiweka. Macho yake yalikuwa kwenye kioo, na kidole kikatembea chenyewe juu ya ngozi, kikapata mstari, kikapata wa pili, kikapata wa tatu, kikaruka kidogo kikapata mingine. Mistari hiyo ninaijua. Imefifia, inachukuana na rangi ya ngozi yangu, na mimi siku zote nilidhani ni michirizi ya kunyonyesha.

"Daktari," mama alisema, "hiyo si damu. Hayo ni masizi."

Halafu akasimulia, akiwa bado ameniwekea kidole. Nilikuwa mchanga sana, bado sijaanza kukaa. Kifua kilinibana, nikawa navuta pumzi kwa filimbi, na zahanati ilikuwa mbali upande ule wa Iramba walikokuwa wakiishi. Bibi yangu akachukua wembe, akanichanja chale kifuani, akanisugua dawa nyeusi ya mizizi iliyochomwa na masizi ya chungu, akasugua mpaka ikaingia. Nikapona, au nilikuwa nitapona tu, mama alisema hajui. Baadaye mwili ukakua, titi likatoka, likazibeba chale zile likazitawanya. Na mama akaokoka, akasimama mbele ya madhabahu akatamka kwamba watoto wake hawajawahi kuguswa na mkono wa mganga. Kwa neno lile wakampa uongozi. Tangu hapo amewatoa wanawake wenzake kwenye umoja kwa makosa madogo kuliko hilo.

Mama Witness alikuwa ameacha kuimba.

Daktari akaomba ruhusa, akavaa glovu, akanigusa. Ulikuwa mkono wa kwanza wa mganga wa hospitali ile kunigusa tangu asubuhi. Utaratibu wa utafiti wao ulikuwa mgonjwa asiguswe kabla ya picha, ili kubonyeza kusije kukaisogeza damu, na wao waliufuata kama walivyoelekezwa. Alipapasa ile mistari, akaitazama kwa tochi kwa karibu, akavuta pumzi. Akasema masizi yananyonya mwanga kuliko damu, kwa hiyo yanapiga kelele kuliko damu, na kwamba kuuliza habari za chale lilikuwa jambo la kwanza kabisa, naye hakuuliza. Akaniomba radhi. Sijawahi kuombwa radhi na daktari na sikujua mtu anajibu nini.

Nilichojua ni kwamba nimepona. Nilicheka. Nilicheka mpaka nikavaa blauzi nyuma mbele, nikaivua nikaivaa tena. Nikamkumbuka Elisha niliyemwachia karai, nikajua ameshaunguza kuku na anawauzia abiria hivyo hivyo. Nilikuwa tayari kumsamehe Elisha, na kumsamehe mama mambo yake ya kanisa, na hata kumsamehe Mama Witness kwa zile nyimbo.

"Kumbe ni chale tu," nikasema.

Niliona uso wa mama ukibadilika niliposema hivyo. Sikuelewa, nikadhani ni aibu bado inamla.

Daktari akaniambia nisubiri. Alivuta kiti akakaa mbele yangu, na mtu akivuta kiti hospitalini ujue kuna neno. Akasema masizi yako juu, karibu na ngozi. Yameula mwanga. Kilichoko chini yake mashine haikukiona, kwa hiyo picha ile haikuwa imeonyesha ubaya wala haikuwa imeonyesha usalama, ilikuwa kipofu. Na kile kigumu bado kipo, amekishika kwa vidole vyake dakika hiyo hiyo. Inabidi nilale tena, wauinamishe mkono wa mashine, wapige mwanga kutoka ubavuni ambako hakuna chale.

Hofu iliyorudi ilikuwa mbaya kuliko ile ya kwanza, maana nilikuwa nimeshaiaga. Nikasema hapana. Nilisema sirudi chini ya kitu kile. Wameniambia nina mishipa ya ugonjwa, ikawa masizi. Sasa wananiambia masizi yamefunika, kesho watasema nini? Nikasema naenda zangu nyumbani, mambo ya chale ni ya bibi yangu na hayajawahi kumuua mtu, nikija nitakuja baada ya mavuno. Shukuru alinisihi. Daktari alisema hawezi kunilazimisha, ni haki yangu, ila anaomba nisiende. Nilishika mkoba wangu.

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke mdogo, ningeweza kumsogeza kwa mkono mmoja. Alianza kuniambia kwa Kinyiramba, lugha yetu ya nyumbani, polepole, nisikie mimi peke yangu. Kisha akanyamaza katikati, akamtazama Mama Witness, na alipoanza upya alianza kwa Kiswahili na kwa sauti ya kawaida.

"Dada yako naye alichanjwa chale akiwa mtoto kama wewe. Alipokuja kunionyesha kile kigumu, nilimwambia ni chale tu. Nilimwambia asiende kumvulia daktari nguo, zitaonekana. Akanisikiliza. Akakaa mwaka mzima."

Anastasia hakuwa kama mimi, alikuwa mtu wa kusikia la mkubwa. Nilimkumbuka mwaka ule, alivyokuwa akinijia Mkiwa, anakaa kwenye kigoda nyuma ya karai, anajishika titi juu ya nguo akidhani simwoni. Nilimuuliza siku moja ana nini. Aliniambia mama amesema si kitu.

Nilitaka kumpiga mama yangu. Nasema ilivyokuwa. Kidogo nimpige. Lakini chini ya hasira ile hofu ilikuwa kubwa zaidi, na hofu ndiyo iliyonishika mkono. Niliweka mkoba chini, nikavua blauzi, nikapanda kitandani, nikaweka mikono juu ya kichwa kabla Shukuru hajaniambia.

Wakauinamisha ule mkono wa chuma. Kitone chekundu kikanitua ubavuni, kidogo kabisa, hakina joto, hakina uzito. Niliambiwa nisipumue. Chumba kilikuwa kimya, na mimi nilijua kwamba ndani yangu kuna mlio, mwili wangu unatoa mlio kila mwanga unapopiga, na kila mtu mle ndani atajua umesema nini kabla yangu mimi mwenyewe mwenye mwili. Nilimwomba Anastasia anisaidie. Haturuhusiwi kuwaomba wafu, mama ametufundisha hivyo, lakini nilimwomba.

Shukuru akasema nipumue. Daktari akaja mwenyewe akageuza kioo. Ile mistari inayowaka ilikuwa sasa pembeni, juu, na chini yake kwenye rangi ya majivu palikuwa na kiduara peke yake, na nyuzi chache nyembamba za damu zinakizunguka.

"Kipo," alisema. "Ni kidogo. Kinyama kitatuambia ni nini. Lakini hata kikiwa kibaya, kwa ukubwa huu nadhani tutaondoa hicho tu, titi litabaki."

Sikufurahi. Nilisikia lile neno kipo na likajaa masikioni, na hayo mengine yakanifikia baadaye, moja moja. Mama alikuwa ametoka nyuma ya pazia. Aliisogelea ile picha kama mara ya kwanza, akaweka kidole kwenye kioo, karibu na kile kiduara.

"Na kama angekaa mwaka mzima?" aliuliza.

Daktari akavua miwani yake, akaifuta, akaivaa. Wote tulijua hakuwa anauliza habari zangu. Mama Witness akasogea kwenye benchi akaacha nafasi, akapapasa ubao kwa kiganja, na mtu ambaye nilimwogopa asubuhi nzima kwa ajili ya ulimi wake akasema taratibu, "Kaa, Mama Anastasia."

Mama hakukaa. Shukuru alikuwa ameshaanza kupanga sindano kwenye sinia, ile ya kutolea kinyama, ndefu, nikaiona ingawa aliisitiri kwa mwili wake. Meno yakaanza kunigongana. Sikuwa nimemsamehe mama, na leo hii sijui kama nimemsamehe, lakini katika chumba kile sikuwa na mtu mwingine wa kumwita. Nikamwambia aje anishike.

Akaja mpaka kando ya kitanda, mikono ikiwa nyuma. Akamuuliza Shukuru kama sasa inaruhusiwa kugusa. Shukuru akamwambia inaruhusiwa.